Nyota na Mwenzi Wake Asiyeonekana

Leo tutasoma habari za watu waliochunguza jambo moja kwa subira.

Mkikaa usiku karibu na kibatari, mtu akipita gizani ulimi wa moto hutikisika. Hammwoni, lakini mwajua kwamba yuko aliyepita. Ndivyo ilivyo habari ya nyota iitwayo LS I +61 303. Nuru yake husafiri zaidi ya miaka 6,000 mpaka kutufikia.

Mwaka 1975 nchi za Ulaya zilirusha angani chombo kiitwacho COS-B, kipime mionzi ya gama. Mionzi hiyo ni jamaa ya eksirei ya hospitali, lakini nguvu yake ni kubwa zaidi. Chombo kiliona mionzi ikitoka upande wa nyota hiyo, ila hakikuweza kuonyesha mahali penyewe hasa. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Gregory na Taylor, walieleza kwamba upande huo huo hutoka mawimbi ya redio. Baadaye ikajulikana kwamba mawimbi hayo hupanda na kushuka kila siku 26 na nusu. Basi, kulikuwa na mwenzi aliyeizunguka nyota kwa siku hizo.

Mwenzi huyo ni nani? Ubishi ulidumu miaka mingi. Wengine walisema ni shimo jeusi, limezalo hata nuru. Wengine walisema ni nyota iliyokufa, ndogo lakini nzito mno, izungukayo kama pia.

Mwaka 2018 Marekani ilirusha chombo TESS. Katika vipimo vyake wataalamu waliona nuru ya nyota ikiongezeka kidogo, kisha ikififia, kwa muda wa kama siku moja. Nyota hiyo imezungukwa na mkanda wa gesi iliyoitoa yenyewe. Yadhaniwa kwamba mwenzi akiusumbua mkanda huo, nuru hutikisika, kama ule moto wa kibatari.

Jibu lilikuja mwaka 2022. Wataalamu waliotumia darubini ya redio ya China, FAST, yenye upana wa mita 500, walitangaza kwamba wamepata mapigo karibu manne kila sekunde. Shimo jeusi halina mapigo ya namna hiyo. Mwenzi ni nyota iliyokufa.

Sasa andikeni majibu:
1. COS-B ilirushwa mwaka gani?
2. Mwenzi huizunguka nyota kwa siku ngapi?
3. Ni nini kilichomaliza ubishi?