Bibi du Coudray na Sanamu ya Kufundishia Ukunga

Kazi ya ukunga ni kazi ya mikono, wala macho hayafiki panapotendeka mambo yake makuu. Mtoto angali tumboni haonekani. Mkunga hupapasa tu, akajua kama ametanguliza kichwa au miguu. Basi, mtu atajifunzaje jambo asiloweza kuonyeshwa? Na akijifunza kwa kukosea, kosa lake la kwanza laweza kuwa mauti ya watu wawili. Wasomaji wetu, twapenda kuwaeleza jinsi mwanamke mmoja wa Ufaransa alivyolijibu swali hilo.

Jina lake Angélique du Coudray. Alifuzu ukunga mjini Paris mwaka 1740, akaifanya kazi hiyo huko miaka mingi, kisha akaenda katika jimbo la Auvergne, nchi ya milima. Huko aliwakuta wanawake wa vijijini wakizalishwa na watu wasiofundishwa, wengine wakifa, wengine wakipona na ulema. Na watoto walivutwa kwa nguvu hata wakaumia viungo. Akaanza kuwafundisha wanawake wa mashamba. Lakini wengi wao hawakujua kusoma, na maneno matupu hayakuwaingia. Hakuwaacha, bali alibadili njia ya kufundisha.

Alitengeneza sanamu ya mwili wa mwanamke, toka kiunoni hata mapajani, kwa kitambaa, ngozi na pamba. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya nyonga, mji wa mimba, na njia ya uzazi iliyoweza kutanuka. Akashona na mtoto, ukubwa wake kama wa mtoto mchanga, pamoja na kitovu na kondo la nyuma. Akashona na pacha pia. Mwaka 1758 baraza la madaktari wapasuaji wa Paris liliikubali sanamu hiyo, na mwaka 1759 mfalme Louis wa 15 akampa hati ya kufundisha katika nchi yote.

Tangu mwaka 1760 hata 1783 alisafiri mji kwa mji, akafundisha wanawake maelfu. Mafunzo yalichukua yapata miezi miwili. Mtoto wa kitambaa aliwekwa kila namna, vyema na vibaya, na kila mwanafunzi akamtoa kwa mkono wake mwenyewe, mwalimu akimtazama na kumsahihisha. Wako wapasuaji waliompinga. Nasi twakiri ya kuwa miezi miwili ni michache. Lakini kabla yake wanawake wale hawakupewa hata siku moja, na uzazi haungojei mpaka shule zitoshe.

Sanamu yake moja ingaliko katika nyumba ya makumbusho mjini Rouen. Ilipopigwa picha ya eksirei, ilionekana ya kuwa ndani yake mna mifupa halisi ya nyonga ya mwanamke.

Njia yake haikupotea. Hata leo, katika Tanzania pia, wako wakunga wajifunzao kwa sanamu ambayo mwalimu hujifunga tumboni, akatoa mtoto na damu ya bandia, nao wakajizoeza kuizuia damu hiyo.

Sisi walimu twaona hapa jambo kubwa. Mwanafunzi wa ukunga hana budi kukosea mahali fulani ndipo ajue. Bibi du Coudray alifanya makosa yale yaangukie kitambaa na pamba, yasimwangukie mama.