Dawa za Serotonini na Dalili za Parkinson katika Panya

Majaribio ya dawa za serotonini hufanywa juu ya panya ambao, ili wafanane na wagonjwa wa Parkinson, wamekwisha kunyimwa kazi ya dopamini ubongoni, ama kwa haloperidoli, iwagandishayo hata wakabaki vivyo hivyo miguu ya mbele ikiwa juu ya ufito, ama kwa sumu ya 6-hidroksidopamini, ambayo Urban Ungerstedt wa Sweden alibainisha mwaka 1968 kuwa huua seli za neva zitoazo dopamini. Dawa iitwayo 8-OH-DPAT, kwa kuamsha vipokezi vya serotonini vya 5-HT1A, humfungua panya aliyegandishwa na haloperidoli.

Lililo la ajabu zaidi lilidhihirishwa mjini Lund mwaka 2007: kwamba seli za serotonini, zikiwa zimesalimika, huigeuza levodopa, dawa wapewayo wagonjwa wa Parkinson, kuwa dopamini, lakini kwa kuwa hazina mizani ya kuidhibiti, huimwaga bila kiasi, na panya akashikwa na mitukutiko isiyo ya hiari yake, nazo seli hizo zikitulizwa kwa dawa za 5-HT1A na 5-HT1B kwa pamoja, mitukutiko hiyo hukoma au hukaribia kukoma.

Hata hivyo sarizotani, dawa ya 5-HT1A iliyotumainiwa sana baada ya kufaulu kwa wanyama, haikuthibiti kuwafaa wagonjwa. Na kwa hakika panya aliyetiwa sumu upande mmoja wa ubongo hawezi kuwa mithili kamili ya binadamu aliyeishi na maradhi miaka mingi.