Sensa ya Oksijeni Ni Shahidi, Si Mwizi

Wasee, kuna sentensi moja inakula doh ya madereva hapa Nyamasaria: "Sensa imekufa, leta ingine." Taa ya injini imewaka, fundi anachomeka mashine, namba inatokea, hukumu imetoka. Mimi chuo niliacha lakini historia sikuacha, na naona hiyo hukumu ilikuwa na maana zamani. Leo imepitwa na wakati.

Sensa ya oksijeni ilitengenezwa na Bosch ya Ujerumani. Volvo ndiyo ilitangulia kuiweka kwenye gari, mwaka wa 1976, kwa magari ya kuuzwa Marekani, maana California ilikuwa imekaza sheria za moshi. Inakaa kwenye ekzosi, inalinganisha oksijeni ya moshi na ya hewa ya nje, kisha inatumia kompyuta ya gari umeme kidogo sana. Kwa sensa ya kawaida, karibu volti 0.9 ni petroli imezidi, karibu 0.1 ni hewa imezidi. Kompyuta inarekebisha petroli kulingana na hiyo habari. Ni hivyo tu.

Lakini hiki kidude kilikuwa na adui: madini ya risasi. Tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa inatiwa risasi ili injini isigonge. Hiyo risasi iliharibu akili za watoto, na iliganda kwenye ncha ya sensa mpaka ikanyamaza. Kwa hivyo gari ya Japani iliyoletwa Kenya miaka ya 90 ikiwa na sensa, ikajazwa petroli ya risasi, ilikuwa inanyweshwa sumu. Wakati huo, kusema "sensa imekufa" kulikuwa kubahatisha kwa akili.

Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuachana na petroli hiyo. Kufikia Januari 2006, Kenya ilikuwa imeiaga. Kampeni ya dunia nzima iliongozwa na UNEP, hapo tu Gigiri, Nairobi, na nchi ya mwisho kuacha ilikuwa Algeria, 2021.

Muuaji mkuu ameondoka, lakini hukumu ni ile ile. Na huku kwetu washukiwa wengine ni wengi. Mto ukifurika, gari zinapita kwenye maji na matope. Waya za sensa zinapita karibu na ekzosi moto, zingine zinaning'inia chini ya gari. Panya naye ana meno.

Chukua namba P0135. Watu wanaisoma "nunua sensa". Inachosema ni kwamba kuna shida kwenye saketi ya kupasha sensa joto, na saketi ni fyuzi, waya, plagi na sensa, zote pamoja. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, omba fundi afanye haya:

Kwanza, aangalie fyuzi.

Pili, achomoe plagi ya sensa atafute maji, kutu ya kijani au waya iliyoyeyuka.

Tatu, injini ikiwa inanguruma, apime kwa multimita ile waya ya gari inayoleta moto kwenye plagi. Inafaa kuwa na volti kama za betri, 12 kwenda juu. Kama hakuna kitu, hata sensa mpya itakaa hapo bure.

Nne, apime kipasha joto cha sensa yenyewe. Kikiwa kimekatika kabisa, sawa, hapo nunua.

Na kama ekzosi imetoboka kabla ya sensa, hewa inaingia na sensa inaripoti hewa imezidi. Haidanganyi. Wewe ndio unafunga shahidi badala ya mwizi.

Simchukii fundi. Wengi walifunzwa na mafundi wa enzi ya kabureta, na multimita haikuwa kwenye sanduku la spana. Lakini dereva wa teksi mwenye gari ya kukodi, anayepeleka hesabu kila jioni, hawezi kulipia kubahatisha. Ukiambiwa sensa imekufa, jibu kwa heshima: "Sawa fundi, nionyeshe kipimo."