Kumbukumbu za Wanafunzi wa Zamani kama Chanzo cha Historia: Shule ya Tanga, 1892–1961

1. Utangulizi

Mgeni akiuliza habari za elimu mjini Tanga hachelewi kuambiwa kwamba shule ya kwanza ya serikali katika nchi hii ilijengwa hapa. Sentensi hiyo hutamkwa kwa fahari, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye yeye mwenyewe, au baba yake, au babu yake, alikalia dawati la shule hiyo. Makala haya hayakusudii kuipinga fahari hiyo. Yanachunguza inabeba nini na inaficha nini. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu za wanafunzi wa zamani wa Shule ya Tanga zina thamani kubwa kwa mwanahistoria pale zinaposomwa kama madai ya heshima na nafasi katika jamii, na si kama taarifa tupu za mambo yaliyopita.

Utafiti uliotangulia umeshughulikia zaidi muundo wa shule. Hornsby, katika maandishi yake ya 1962 na 1964, alieleza historia ya Shule ya Tanga na juhudi za Wajerumani katika elimu, akiegemea kwa kiasi kikubwa kumbukumbu za utawala. Iliffe (1979) aliiweka shule hiyo ndani ya historia pana ya kuzuka kwa tabaka la makarani na walimu. Kazi hizo ni msingi usioepukika. Hata hivyo, mtawala aliandika ili kuonesha kazi yake imekwenda vema, ilhali mwanafunzi hukumbuka ili kuonesha kwamba naye alikuwa mtu. Vyanzo hivi viwili haviwezi kupimwa kwa mizani moja.

2. "Ya kwanza" maana yake nini?

Neno "kwanza" linahitaji tahadhari. Kabla ya 1892 watoto wa Tanga, Pangani na vijiji vya Mrima walikuwa wakisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na baadhi yao walifika mbali katika fikihi na katika utunzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga kwa hati za Kiarabu utenzi mrefu juu ya vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, na mwanawe, Ali bin Hemedi, alikuja kuwa kadhi wa Tanga na mwandishi wa kitabu cha sheria ya mirathi. Bara kidogo, katika nchi ya Wabondei, Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imekwisha kujenga Magila, na vijana wake wenye vipaji walivuka bahari kwenda kusoma Kiungani, Unguja.

Kwa hiyo shule iliyoanzishwa mwaka 1892 chini ya chama cha koloni cha Wajerumani, na baadaye kuchukuliwa na serikali, haikuanzia penye giza. Upya wake ulikuwa wa aina nyingine. Haikuwa ya dini, iliandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na lengo lake lilikuwa wazi: kuipatia serikali makarani, wakalimani, walimu, maakida na mafundi ambao hawakufungwa na misheni wala na chuo. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza mjini humo humo kuelekea Usambara, na mashamba ya katani yakafuata. Kazi za kalamu ziliongezeka, na cheti cha shule kikawa na bei.

Mwanafunzi wa zamani anaposema "shule yetu ilikuwa ya kwanza", basi, anasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la tarehe. La pili ni la daraja: sisi ndio tulioshika kalamu mpya kabla ya wengine. Mjini ambamo heshima ilikuwa bado ikipimwa kwa nasaba na kwa elimu ya chuoni, dai hilo la pili halikuwa dogo.

3. Kumbukumbu zilizoandikwa: gazeti la Kiongozi

Bahati ya mtafiti wa Shule ya Tanga ni kwamba wanafunzi wake waliandika wangali vijana. Chini ya uongozi wa miaka mingi wa Paul Blank, shule ilikuwa na karakana za ufundi, na kiwanda cha uchapaji kikiwa kimojawapo. Humo ndimo lilimochapishwa gazeti la Kiongozi, tangu takriban mwaka 1904 hadi 1916. Wasomaji wake na waandishi wake kwa sehemu kubwa walikuwa watu wale wale: walimu, makarani na watumishi wengine wa serikali waliotawanyika kutoka pwani hadi maziwa makuu. Krautwald (2021) ameonesha jinsi waleta habari hao walivyokuwa na mamlaka yao wenyewe ndani ya utawala wa kikoloni, kwa kuwa wao ndio walioamua habari gani ya wilaya iandikwe na ipi iachwe.

Tukilisoma Kiongozi kama hazina ya kumbukumbu, tunaona mtandao wa watu waliohamishwa mbali na kwao wakishikamana kwa karatasi. Habari za kazi, za safari, za mvua na njaa, pamoja na mashairi, zilimwezesha mwalimu aliyekuwa peke yake kituoni bara kubaki mtu wa pwani na mtu wa shule. Mkusanyiko wa Miehe na wenzake (2002) umeturejeshea mengi ya mashairi ya enzi hiyo, na baadhi yake yanausifu utawala kwa maneno yanayomtia mhakiki wa leo mashaka.

Mashaka hayo yana msingi, ila yasitupeleke kwenye hukumu ya haraka. Gazeti lilikuwa mali ya serikali. Anayeandika katika karatasi ya bwana hawezi kuandika habari za kiboko cha bwana. Kimya cha Kiongozi kuhusu adhabu, kulazimishwa na kazi ya shokoa si ushahidi kwamba mambo hayo hayakuwapo, wala sifa zake si ushahidi kwamba waandishi waliziamini zote. Ulinganisho mmoja unasaidia. Mdachi bin Sharifu, mwalimu wa Kiswahili kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, alipelekwa Berlin kufundisha lugha mwaka 1913. Mwaka 1919, dola la Kaisari lilipokwisha kuanguka, alisimama mbele ya hadhira huko huko Ujerumani akaeleza mateso ya wenyeji chini ya utawala huo. Kilichobadilika kati ya sifa na shutuma kilikuwa ni mahali pa kusemea. Mtafiti anayekusanya kumbukumbu hana budi kuuliza daima: mtu huyu alisema akiwa wapi, na nani alikuwa akimsikiliza?

4. Kumbukumbu zilizochezwa: baragumu na beni

Si kila kumbukumbu huandikwa. Shule ya Tanga ilikuwa na bendi ya wavulana waliopiga baragumu na ngoma za Kizungu katika sherehe za serikali. Mazoezi ya gwaride, sare na nidhamu ya mstari yalikuwa sehemu ya masomo sawa na hesabu. Ranger (1975), katika utafiti wake wa ngoma ya beni, alionesha jinsi mtindo huo wa kijeshi ulivyochukuliwa na vijana wa miji ya pwani ukageuzwa kuwa wao: wakaunda vyama vya mashindano, mashuhuri vikiwa Marini na Arinoti, wakajipa vyeo, wakatoza michango, wakasaidiana katika maziko na maradhi.

Hapa kumbukumbu ya shule ilihifadhiwa mwilini. Kijana aliyefundishwa kusimama wima mbele ya mwalimu wa Kijerumani alisimama wima vilevile mbele ya mtaa wake, lakini safari hii cheo alikuwa amejitunukia. Mtu aliyesoma maandishi peke yake angesema kwamba shule ilifaulu kuwafunza utii. Aliyetazama ngoma angeongeza kwamba waliutwaa utii huo wakaufanya mchezo, na katika mchezo huo walijifunza kuongoza chama.

5. Vita, na elimu iliyopoteza soko

Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kutoka baharini wakashindwa. Julai 1916 waliiingia. Katika simulizi za mji, vita husimuliwa kama habari ya majenerali na nyuki. Kwa wanafunzi wa zamani, jambo zito lilikuwa lingine: Kijerumani walichokipata kwa taabu kilikuwa hakina tena mnunuzi.

Watawala wapya wenyewe walikiri, katika taarifa zao za mwanzo, kwamba waliikuta nchi ambamo iliwezekana kuwasiliana na maakida na majumbe kwa barua za Kiswahili, na kwamba hilo lilikuwa tunda la shule za Wajerumani. Lakini ngazi za juu za ukarani sasa zilidai Kiingereza, na waliokuwa nacho ni vijana wa misheni waliosoma Kiungani. Mfano ulio wazi ni Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Unguja mwaka 1891, ambaye baada ya kufungwa na Wajerumani wakati wa vita alipanda kuwa karani mkuu Tanga. Mwaka 1922 alianzisha mjini humo chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham, inasisitiza umoja wa wanachama bila kujali dini wala kabila.

Msisitizo huo unastahili kusomwa kwa makini. Mtu hasisitizi umoja mahali ambapo hakuna ufa. Chama kiliwakutanisha Wakristo waliosoma misheni na Waislamu waliosoma shule ya serikali, makundi mawili yaliyokuwa yakishindania viti vichache vya ofisi. Kayamba alikumbuka upatano, na upatano ulikuwapo. Kumbukumbu ya waliopitwa na wakati kwa sababu ya mabadiliko ya lugha haikupata mhariri wa London. Ilibaki majumbani, na huenda ndiyo chanzo cha usemi unaosikika hadi leo kwamba elimu ya Mjerumani ilikuwa ngumu lakini ya kweli. Usemi huo si lazima uwe sifa kwa Mjerumani. Unaweza kuwa lawama kwa dunia iliyowageuka wenye elimu hiyo.

6. Shule tatu katika mji mmoja

Chini ya Waingereza elimu iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mgawanyo huo uliondolewa kisheria tangu Januari 1962. Waliosoma Tanga katika miaka ya 1940 na 1950 ndio kizazi cha mwisho kinachoweza kusimulia mpaka huo kama mtu aliyeuvuka au aliyezuiwa kuuvuka. Hapa pana hatari ya kimbinu. Msimulizi wa leo anautazama ukoloni akiwa upande wa pili wa Uhuru, Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa shule. Akisema "tulikuwa sawa", anaweza kuwa anazungumzia darasa lake, au taifa alilolijenga baadaye. Mtafiti amwombe ataje mambo ya kushikika: chakula, viatu, madaftari, mechi ilichezwa na shule gani. Vitu hivyo hukumbukwa bila itikadi nyingi.

7. Waliokosekana

Kila mkusanyiko wa kumbukumbu za wanafunzi wa zamani una kasoro ya asili: huwauliza waliofika. Karani, mwalimu na akida wa enzi ya Wajerumani walikuwa wanaume, hivyo dada zao hawamo. Hawamo pia watoto waliotolewa na majumbe kutimiza idadi iliyotakiwa kisha wakatoroka. Tukumbuke kwamba utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922. Vizazi vya kwanza vya shule vilisoma katika mji wenye mabwana na watumwa. Swali la nani alimpeleka mtoto wa nani shuleni ni zito, na fahari ya "shule yetu" hulifunika kwa urahisi.

8. Hitimisho

Mashahidi wa enzi ya Wajerumani wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na yanayosikika sasa ni kumbukumbu za kumbukumbu. Mashahidi wa miaka ya 1950 ni wazee sana. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kiongozi lisomwe sambamba na masimulizi ya familia za Tanga, Pangani na Muheza, si mbali nayo. Pili, ngoma, picha na vifaa vya karakana vihesabiwe kuwa nyaraka. Tatu, kila mahojiano na mwanafunzi wa zamani yafuatwe na swali moja: katika nyumba yenu, nani hakupelekwa shule, na kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonesha heshima ya aliyesoma ilipimwa dhidi ya nani, na kwa gharama ya nani.