Mlembe, ndege mwonyesha asali

Ukisikia mlio mkali unaorudiwarudiwa katika miombo ya Biharamulo, inua macho. Huyo ni mlembe, na yaelekea anakuita wewe. Kwa sura si wa kusifiwa: ana urefu wa sentimita 20 hivi na mgongo wa kijivu. Dume ana koo jeusi, shavu jeupe na mdomo wa waridi. Akiruka, mtambue kwa weupe wa pembeni mwa mkia.

Mlembe hupenda nta, chakula ambacho ndege wachache sana huweza kukimeng'enya. Anajua nyuki walipo, lakini hawezi kupasua mti. Basi humtafuta binadamu na kumwongoza mti hadi mti, akimsubiri. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu Waborana wa Kenya ulionyesha kuwa akiwapo, saa 9 za kutafuta nyuki hupungua hadi 3 hivi.

Wema wake unaishia hapo. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, na kifaranga wake, hata kabla hajafumbua macho, huwaua makinda wenyeji kwa ncha kali za mdomo.

Akikuita ukiwa hifadhini, usimfuate bila askari wa wanyamapori.