Kiboko juu ya jukwaa

Hapa Kyavinyonge, kando ya ziwa Edouard, neno kiboko halina lazima ya kufasiriwa. Mnyama mwenyewe yuko majini mchana, na usiku anapanda nchi kavu kula majani. Lakini neno hilo lina maana ya pili, ile ambayo wazee wetu walijifunza kwa mgongo: fimbo iliyokatwa katika ngozi ya mnyama huyo na kukaushwa. Wabelgiji waliiita chicotte. Ilianza kazi yake wakati wa Leopold wa Pili na iliendelea kupiga watu mpaka miaka ya 1950.

Wengi kwetu wanafikiri kwamba habari ya fimbo ni ya Kongo tu. Sivyo. Kuna mchezo wa teatri wa Kiholanzi, wa zamani sana, ambao hata jina lake ni jina la kupiga. Tunapenda kueleza habari zake katika kijitabu hiki, kwa sababu yaliyoupata mchezo huo yanatufundisha kuliko mchezo wenyewe.

Waholanzi walianzisha mji wa Batavia, katika kisiwa cha Java, mwaka 1619. Leo ni Jakarta. Wenye mji walikuwa kampuni ya biashara, lakini kampuni yenye askari, mahakama na watumwa. Watumwa walinunuliwa Bali, Sulawesi na visiwa vingine, na wengi walitumika ndani ya nyumba za wakubwa: kupika, kufua, kumbebea bibi mwavuli. Mmoja wa wakubwa hao, Willem van Hogendorp, alitoa mwaka 1780 hadithi juu ya mwanamke mwenye nyumba aliyewatesa watumwa wake. Akampa jina Kraspoekol. Ni Kimalay kilichoandikwa kwa namna ya Kiholanzi: keras, yaani kwa nguvu, pukul, yaani piga. Basi, Mama Piga-Sana. Jina la aina hii sisi tunalitambua mara moja. Ndivyo babu zetu walivyowabatiza wazungu: Stanley akawa Bula Matari, mvunja mawe, na jina likapita kwa serikali nzima.

Mwana wa Willem, Dirk van Hogendorp, naye alitumikia kampuni huko Java. Alisema waziwazi kwamba mambo yanaendeshwa vibaya. Wakubwa wake wakamtia kifungoni mwaka 1798, akatoroka, akarudi Uholanzi na hasira yake. Mwaka 1800 aliichukua hadithi ya baba yake akaigeuza kuwa mchezo: Kraspoekol, au Utumwa. Ni mchezo wa kuliza watu, kama walivyopenda wakati ule. Mwema ni mwema kabisa, mbaya ni mbaya kabisa. Bibi mkali hasikii la mtu, nduguye mwenye huruma anamkataza bila kufaulu, na mwisho mtumwa aliyechoka kuteswa anamwua bibi. Tukisema kweli, si kazi ya ustadi mkubwa. Watu wake wanahubiri kuliko wanavyoongea. Lakini fimbo ya nyumbani, ambayo ng'ambo ilikuwa siri ya kila mtu, ilipandishwa mbele ya macho ya wote.

Mchezo ulionyeshwa katika mji wa Den Haag mwezi wa Machi 1801. Kumbe ndani ya ukumbi walikuwemo mabwana waliotajirika huko Java, pamoja na rafiki zao. Walikuwa wamejitayarisha. Mara wakaanza kupiga filimbi na tarumbeta ndogo na kufanya kelele, mpaka wachezaji hawakusikika tena na mchezo ukakatika kabla ya mwisho.

Tufikiri kidogo juu ya kelele zile. Mabwana hao hawakuwa na haya ya kuishi kwa jasho la watumwa. Haya iliwashika walipoona jambo hilo linachezwa mbele ya majirani zao wa Uholanzi, watu waliowasalimia kanisani. Kupiga hakukuwaudhi, kutazamwa ndiko kuliwaudhi. Na walishinda kwa muda mrefu: katika makoloni hayo ya Asia, Uholanzi ilifuta utumwa mwaka 1860 tu, na Surinam mwaka 1863.

Mwaka ule ule wa 1801, kusini mwa bara letu, Cape Town ilipata jumba lake la teatri. Mji huo ulianzishwa na Waholanzi mwaka 1652, lakini Waingereza walikuwa wameuteka mwaka 1795. Waingereza walicheza ya kwao humo, na vikundi vya Waholanzi vilicheza kwa Kiholanzi, mara nyingi michezo iliyotafsiriwa ya Mjerumani Kotzebue, fundi mkubwa wa machozi. Watazamaji walilia kwa ajili ya wake waliokosa na waume waliosamehe. Nje, mji ulijaa watumwa waliotolewa Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vile vile vya Waholanzi. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1834, lakini watumwa walifungwa kwa mabwana wao miaka 4 zaidi, hadi Desemba 1838. Mwaka uliofuata jumba likawa kanisa la St Stephen's, na shule ya watu walioachwa huru ikawekwa humo. Jengo lingali limesimama.

Na sisi Wakongo je? Wakati wa Wabelgiji, nani angethubutu kuonyesha fimbo mbele ya msimamizi? Ilingoja. Katika miaka ya 1970, huko Katanga, wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walichora mara nyingi picha moja iliyoitwa Colonie Belge. Mfungwa amelazwa chini, suruali imeshushwa. Anayempiga ni askari mweusi, mtoto wa nchi. Mzungu amesimama kando, anatazama. Picha hiyo haikununuliwa kwanza na wageni. Walioinunua walikuwa wafanyakazi na makarani wa Lubumbashi, na waliitundika salon, pale mgeni anapokaribishwa kukaa.