Pateni za Dukani Zinavyotusumbua, na Namna ya Kuzisoma

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mafundi wetu wa cherehani huanza kurudisha watu. Kazi zimejaa, na anayekubali kazi mpya hukutajia bei usiyoitarajia. Ndiyo maana kina mama wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wameamua kuweka cherehani nyumbani, washone wenyewe madera, mabuibui na nguo za watoto. Wengine wameenda mbali zaidi wakafanya ushonaji kuwa biashara ndogo. Kwa kuwa hawakupata kukaa na fundi miaka miwili wakajifunza kukata kwa macho, hununua pateni, yaani karatasi za kukatia nguo. Shida huanzia hapo.

Mimi ni mmoja wao. Nina diploma na Kiingereza nakisoma bila taabu, lakini nikiifungua bahasha ya pateni hukutana na lugha nyingine kabisa. Kuna mishale, pembetatu, mistari ya vitone, namba zisizolingana na saizi ninayovaa, na maelezo yanayoruka hatua kana kwamba msomaji ni fundi tayari. Mwenye kuumia ni mnunuzi. Kitambaa ukishakikata vibaya hakuna duka litakalokirudisha, na kwa mama anayeshona ili auze, mita tatu zilizoharibika ni faida ya wiki nzima.

Nimeona basi niyaweke pamoja yale ambayo pateni hazisemi wazi, kwa faida ya wenzangu.

Zilitoka wapi

Pateni za karatasi za kuuzwa kwa saizi mbalimbali zilianza Marekani mwaka wa 1863. Fundi aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuziuza katika mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts. Kwa miongo mingi karatasi zenyewe hazikuwa na maandishi, zilitobolewa matundu tu na mnunuzi akaachiwa kujua maana ya kila tundu. Huko Ujerumani, Aenne Burda alianzisha jarida lake la mitindo mwaka wa 1950, na pateni zikawa zinakuja ndani ya jarida lenyewe.

Historia hiyo ina maana kwetu. Pateni hizi ziliandikwa kwa mama wa huko, aliyefunzwa kushona na mamake au shuleni, mwenye umbo la huko na anayetumia kitambaa cha huko. Sisi tunaingia katikati ya mazungumzo.

Saizi si ile ya dukani

Hili ndilo linalowakwaza wengi. Katika pateni za kampuni kubwa za Marekani, saizi 12 ya mwanamke ni kifua inchi 34, kiuno inchi 26 na nusu, nyonga inchi 36. Saizi 16 ni kifua 38, kiuno 30, nyonga 40. Dada aliyezoea kununua gauni la saizi 12 dukani anaweza kujikuta ni saizi 16 kwenye pateni. Hajanenepa, hesabu ndiyo tofauti. Kwa hivyo sahau saizi ya dukani. Chukua tepu, jipime, kisha utafute vipimo vyako kwenye jedwali la nyuma ya bahasha.

Kifua kipime mara mbili: juu, tepu ikipita chini ya makwapa, na kwenye kifua chenyewe. Pateni nyingi zimechorwa kwa tofauti ya karibu inchi 2 kati ya vipimo hivyo viwili. Ikiwa tofauti yako ni kubwa zaidi, chagua saizi kwa kipimo cha juu, kisha uongeze nafasi ya kifua peke yake. Ukichagua kwa kile kikubwa, mabega yatakudondoka.

Jambo jingine ni kwamba kipimo cha mwili na kipimo cha nguo iliyokwisha kushonwa ni vitu viwili. Kati yao kuna nafasi ya kupumua na kukaa. Pateni nyingi huandika kipimo cha nguo iliyokamilika, ama kwenye bahasha ama kwenye karatasi yenyewe. Anayetaka vazi la stara lisilobana atazame namba hiyo, wala asiitegemee picha ya mwanamitindo.

Mshono umo au haumo

Pateni za bahasha za Marekani kwa kawaida huwa zimeshaongeza nafasi ya mshono, thumuni tano za inchi, yaani kama sentimita 1.5. Pateni za jarida la Burda hazijaongeza, mshonaji huongeza mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili, ya mbele na ya nyuma. Thumuni tano mara nne ni inchi 2 na nusu. Ukikata kwenye mstari usiokuwa na nafasi ya mshono kisha ukashona, nguo imepungua kiasi hicho. Kabla ya kushika mkasi, tafuta sentensi inayosema kama mshono umo. Mara nyingi imefichwa kwenye maandishi madogo.

Alama na maana zake

Mshale mrefu wenye ncha mbili huonyesha mkondo wa uzi. Hufuata mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, wala haufuati mshindio. Pima kutoka kila ncha ya mshale hadi ukingoni, umbali uwe mmoja. Mshale ukilala mshazari, nguo itajizungusha mwilini baada ya kufuliwa.

Mshale uliopinda pande zote mbili kuelekea ukingo wa karatasi maana yake ukingo huo uwekwe kwenye kunjo la kitambaa. Hapo hapakatwi. Pembetatu ndogo ni za kulinganisha: moja hukutana na moja, mbili na mbili. Kwenye mkono, kwa kawaida moja ni upande wa mbele na mbili ni upande wa nyuma. Mistari miwili inayokutana kwa ncha ni mkunjo wa kubana nguo ifuate mwili. Mistari miwili iliyokaribiana inayokatiza kipande ni mahali pa kurefusha au kufupisha. Usikate urefu chini tu, umbo la pindo litaharibika.

Pateni za intaneti

Siku hizi wengi hununua pateni ya kuchapisha, kisha huipeleka saiba. Karatasi nyingi za Marekani si A4. Ni fupi na pana kidogo kuliko yetu, na mashine ya saiba hupenda kupunguza ukubwa ili kila kitu kienee. Ikipunguza asilimia 5 tu, gauni la kifua inchi 40 linatoka 38. Mwambie kijana wa saiba achapishe kwa asilimia 100, atoe kwanza ukurasa wenye mraba wa kupimia. Upime mraba huo kwa rula papo hapo, kabla hajatoa kurasa nyingine thelathini utakazolipia.

Kitambaa chetu

Michoro ya kupanga vipande hudhani kitambaa ni cha rangi moja au maua yaliyotawanyika, chenye upana wa inchi 45 au 60. Leso haikuumbwa hivyo. Ina pindo, mji na jina, na ukiupanga mchoro wa pateni juu yake, jina litaangukia kwapani. Kwa leso, uweke mchoro kando. Tandaza doti yako, amua kwanza pindo litakaa wapi na mji utakaa wapi, ndipo uweke vipande.

Na kabla ya kitambaa cha thamani, jaribu kwa merikani. Kata, piga bandi kwa mkono, vaa, rekebisha, kisha hamishia marekebisho kwenye karatasi. Ni gharama ndogo inayookoa kubwa.

Majina tunayo

Linaloniuma zaidi ni kwamba lugha yetu haikukosa maneno. Mafundi wa kanzu wana badani, taharizi, kikwapa, sijafu, kaba na lisani. Kila kipande kina jina na kila fundi anajua kinakaa wapi. Hata hivyo, binti anayeingia chuo cha ufundi leo hukabidhiwa karatasi ya Kiingereza, na akishindwa huambiwa hana kipaji.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti zetu kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Sioni kinachozuia walimu wa ushonaji wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu kukaa na mafundi wazee wa kanzu na mabuibui, wakaandika mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kusoma pateni. Kurasa nne zinatosha: vipimo, alama, nafasi ya mshono, na majina ya vipande. Uchapishwe na ubandikwe ukutani kila chumba cha cherehani, na kina mama wanaoshona majumbani wapewe nakala.

Wakati tukingojea hayo, anayetaka kuvaa Idi nguo ya mkono wake aanze Shaabani, mwezi wa mlisho, asingoje kumi la mwisho. Siku ya kwanza isiwe ya kukata. Iwe ya kusoma karatasi yote mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi, na kila neno usilolielewa ulizungushie duara. Siku ya pili nenda na maduara yako kwa fundi wa mtaani. Utampata ana nafasi, maana msongamano bado haujaanza.